Siku Babu Chaji Alipoyavunja Maji Matupu

Kila neno la kisa hiki ni kweli. Si kweli ya kuazima wala ya kukisia. Ni kweli yenyewe, ile ambayo ukiigonga inalia. Aliyekula yamini ni Babu Chaji mwenyewe, na Babu Chaji, kwa maneno yake, hajasema uongo tangu aote meno. Ni vile tu mambo ya ajabu yamezoea kumtokea yeye wakati watu wengine wamegeuka kuangalia kwingine.

Alikuwa fundi betri. Maisha yake yote ya kazi aliyamalizia nyuma ya gereji moja, kwenye banda la mabati lenye harufu ya asidi, akizijaza betri za malori maji na umeme. Alipostaafu alitoka na betri moja kuukuu, suruali zenye matundu kama chujio la chai, na mdomo ambao mkewe aliuita betri pekee duniani isiyohitaji kuchajiwa. Sayansi alijifunza mwenyewe kwenye vitabu vya shule ambavyo wanawe walivitupa. Kurasa zilizochanika alizijaza kwa akili yake.

Sasa mjukuu wake wa kwanza alikuwa anaolewa. Binti huyu ndiye aliyekuwa pumzi yake. Tangu akiwa mdogo Babu humwita "mke wangu mdogo", naye humjibu "mume wangu kibogoyo". Babu Chaji alikuwa na haja moja tu: siku ya harusi asimame, ashike kipaza sauti, amzungumzie mjukuu wake mbele za watu. Hotuba yenyewe aliianza kichwani binti akiwa darasa la kwanza, na kila mwaka iliongezewa simba.

Lakini palikuwa na doa. Siku familia mbili zilipokutana kufahamiana, watu wakiwa wanasubiri soda, kilipita kimya kidogo, na Babu Chaji hajawahi kuona kimya akakiacha kipite salama. Akamweleza mama wa kijana anayeoa kwamba binti huyu, akiwa bado anatambaa, alipigwa na radi. Kwamba radi haikutoka yote. Kwamba mpaka leo akishika balbu kwa vidole viwili inawaka, si sana, lakini kitabu unasoma. Mama wa kijana alikuwa na duka la dobi, mwanamke mpana, makini, aliyewahi kupigwa shoti na pasi na asione cha kuchekesha katika umeme. Aliagana na mchumba wa mwanawe kwa mkono uliofungwa kitambaa. Tangu hapo binti akienda kumsalimia dukani hukalishwa kwenye kiti cha plastiki, mbali na mashine.

Kwa hiyo Jumapili moja, baada ya chakula cha mchana, familia ilipokaa kugawana kazi za harusi na zamu ya hotuba ikafika, kila mtu aliangalia sahani yake. Mkewe ndiye aliyejitwika mzigo. Alisema, kwa sauti ya mtu anayemnyang'anya mtoto kisu, kwamba safari hii hotuba aisome kaka yake.

Kaka yake huyu, shemeji yake Babu Chaji, alikuwa karani mstaafu wa ofisi ya ardhi, na nyumba nzima ilimwita Karani. Hakuwahi kusema uongo maishani, wala kitu kingine cha kukumbukwa. Kwenye mazishi ya mwisho alisoma wasifu wa marehemu mpaka namba za kurasa.

Babu Chaji akaweka kijiko chini na kuuliza kosa lake. Akaambiwa radi. Akasema radi ni kweli. Akaulizwa, na lile treni alilolivuta kwa betri mbili? Akasahihisha: tatu.

"Shida yenu nyie," akasema, "mkisikia jambo kubwa kuliko chumba hiki mnaliita uongo. Mimi nimewasha moto kwa maji. Maji haya haya mnayokunywa."

Meza nzima ikaangua kicheko. Karani alijifuta mdomo akasema shemeji ameshaanza, kesho atatuambia amekaanga mayai kwa barafu. Babu Chaji aliendelea juu ya kicheko chao. Alisema maji si kitu kimoja, ni gesi mbili zilizoshikana. Moja inawaka yenyewe, ya pili inalisha moto. Umeme ukipita, zinaachana. Ndiyo maana betri ikiwa kwenye chaji hutoa povu na kupungukiwa maji, na ndiyo maana siku moja mteja mjinga alipowasha kiberiti bandani, kizibo cha betri kiliruka, kikapita juu ya paa, kikatua kwenye kofia ya askari wa barabarani mtaa wa pili.

"Kizibo sijui," alisema mkazamwana wake. "Lakini hayo mengine ni kweli."

Kicheko kikakatika kama redio iliyochomolewa. Mkazamwana huyu, mama wa bibi harusi, alikuwa mwalimu wa kemia, na katika mambo hayo neno lake halikuwa na rufaa. Babu Chaji aliangalia huku na huku kama mtu aliyeokota kitu cha thamani na hajui akiweke mfuko gani. Hakuzoea kuaminiwa.

Hapo mwenye busara angenyamaza akala tunda lake. Ukweli alikuwa nao mkononi, mzima, umepigwa muhuri na mwalimu. Lakini kwa Babu Chaji ukweli mtupu ulikuwa kama ukuta usiopakwa rangi. Hauwezi kuachwa hivyo wageni wakauona. Akaongeza kwamba si maji tu, ni maji matupu. Yaliyosafishwa mpaka hayana ladha, yasiyo na punje ya kitu. Hayo ndiyo yanayoachana upesi kuliko yote.

Mkazamwana akamtazama vizuri. "Matupu kabisa, baba?"

"Matupu kama mfuko wa mstaafu."

"Bila kutia kitu chochote?"

"Nikitia hata punje, niite mwongo."

Na hapa lazima atendewe haki: hili hakulisema kwa ujeuri peke yake. Kwa fundi betri, maji matupu ndiyo dini. Maisha yake yote aliwafukuza madereva waliojaza betri kwa maji ya bomba. Aliwaambia uchafu ndio unaoua umeme. Juzi yake tu alikuwa amejaribu nyuma ya jiko, na maji ya bomba, yenye kutu na chokaa, yalitoa mapovu. Akapiga hesabu ya kifundi: kama machafu yanatoa povu, masafi si yataruka nje ya bakuli?

Karani alinusa nafasi. Akapendekeza, kwa lugha iliyonyooka kama mstari wa rula, kwamba jambo hilo lifanyike Jumamosi mbele ya wote. Maji atanunua yeye, yale matupu ya kujazia betri, chupa ikiwa imefungwa. Shemeji akiyavunja maji matupu, atatoa hotuba na hakuna wa kumkatiza hata akifika simba wa kumi. Akikamatwa na uongo, hotuba itasomwa na Karani, na shemeji atakaa kando yake kumshikia kipaza sauti, mdomo umefungwa, toka neno la kwanza mpaka la mwisho.

Bibi harusi alimkanyaga babu yake chini ya meza. Babu Chaji akanyoosha mkono, wakapeana.

Jumamosi sebule ilijaa. Mama Dobi, yule mama wa kijana, naye alikuwepo, kwa kuwa alikuja kupanga nani akae wapi ukumbini, na aliposikia kuna umeme alivuta kiti chake karibu na mlango. Mezani palikuwa na vitafunio vya wageni, mayai ya kuchemsha na karanga, na katikati bakuli la kioo. Mwalimu alileta mirija miwili ya kioo kutoka shuleni, iliyozibwa upande mmoja. Karani aliikata chupa kizibo mbele ya macho ya watu, akamimina, akarudi kukaa na mikono juu ya magoti kama anayelinda sanduku la kura. Babu Chaji alilaza penseli mbili bakulini, zimechongwa pande zote, akazifunikia ncha kwa mirija iliyojaa maji, kisha akafunga nyaya kutoka ncha za upande wa pili hadi kwenye betri yake ya lori. Wa mwisho aliufunga kwa madaha, kama anayekata utepe.

Hakikutokea kitu.

Watu wakasogeza vichwa. Maji yalitulia kama yamesinzia. Babu Chaji alikohoa akasema ndiyo, lazima kwanza yaelewe kinachoendelea, na ili kuziba kimya akaanza kuwaeleza ukoo wa maji.

Kila chembe ya maji, alisema, ni kaya ya watu watatu: mjomba mmoja mnene anayeitwa oksijeni, na wapwa zake wawili wembamba, mapacha, wanaoitwa haidrojeni. Mjomba amewashika mmoja kila mkono, na hawaachii, kwa kuwa ni mtu wa wivu. Lakini wapwa ni wapwa. Mara moja moja kijana mmoja huchomoka, akaacha shati lake mkononi mwa mjomba, akarukia kaya ya jirani. Basi huku pamebaki mjomba na mpwa mmoja na shati la ziada. Kule pana mjomba aliyeelemewa na vijana watatu, mmoja wao kifua wazi. Hao walioharibikiwa namna hiyo ndio wanaoitwa ioni. Umeme ukiingia, huita kila mmoja upande wake. Vijana hukimbilia waya wa hasi kuchukua mashati, wakishavaa hushikana wawili wawili na kupaa. Wajomba nao, waliobaki peke yao, hutoka wawili wawili upande wa chanya. Na kwa kuwa kila mjomba alikuwa na wapwa wawili, mrija wa vijana hujaa mara mbili ya ule wa wajomba.

Alieleza vizuri mno. Mkazamwana wake alikuwa anatikisa kichwa kukubali, na Mama Dobi alikuwa amesogeza kiti. Tatizo ni kwamba bakulini hakuna aliyekuwa anapaa.

"Labda leo wapwa wamelala," alisema Karani.

Sasa maji yalimfika Babu Chaji shingoni. Aliendelea kuongea huku akili inakimbia bandani, na huko, katikati ya sentensi kuhusu tabia za wajomba, akaliona kosa lake. Maji ya betri, katika maisha yake yote, hakuwahi kuyaona peke yake yakifanya kazi. Siku zote aliyamimina juu ya asidi. Ni asidi iliyokuwa inaubeba umeme. Maji yalikuwa abiria. Hao wapwa wanaochomoka wenyewe ni wachache mno, hawatoshi kuujengea umeme daraja la kupita. Na yale ya bomba yalitoa povu kwa sababu ya ule ule uchafu alioutukana miaka yote.

Asidi hapakuwa nayo. Palikuwa na mayai ya kuchemsha, na kando yake kisahani cha chumvi.

Aliomba radhi, akasema fundi hafanyi kazi na njaa. Akamenya yai, akalichovya kwenye chumvi, akalichovya tena, akala. Kisha, uso umejaa utaalamu, akasema anahisi maji ni ya baridi, akatumbukiza vidole kupima joto. Akavizungusha polepole, kwa huruma, kama anayemwogesha kifaranga.

Mapovu yakaanza. Kwanza machache, yakining'inia kwenye ncha ya penseli kama shanga. Kisha mfululizo, yakipanda ndani ya mrija na kuyasukuma maji chini. Sebule ikanong'ona. Bibi harusi alimshika mama yake mkono. Mrija wa upande wa hasi ulipojaa, Babu Chaji aliunyanyua mdomo ukiwa chini, akaomba kiberiti, akausogezea moto.

Ukalia pwaa, mlio mkali, mfupi, kama mbwa mdogo aliyekanyagwa. Mama Dobi alijikuta amesimama. Kisha akapiga makofi, na wote wakafuata, hata Karani, vidole viwili viwili. Babu Chaji aliinama kulia na kushoto. Kichwani tayari alikuwa ukumbini. Alikuwa anachagua aanzie simba yupi.

"Na huo wa pili?" aliuliza Mama Dobi. "Huo wa wajomba unafanyaje?"

Angesema wa pili hauna maana. Lakini amewahi lini kukataa shabiki? Akaunyanyua mrija wa chanya akampelekea mwenyewe, akamwambia hiyo ndiyo hewa safi kuliko zote, ile wanayopewa wagonjwa hospitalini, anuse kidogo tu.

Mama Dobi akanusa. Uso wake ulikunjamana, kisha, taratibu, ukakunjuka kwa furaha ya mtu aliyekutana na jirani yake ugenini.

"Hii naijua," akasema. "Hii ndiyo ile ya kung'arisha mashuka. Dukani kwangu inanikohoza kila siku."

Mkazamwana aliupokea mrija, akapunga hewa kwa kiganja kuelekea puani, kama walimu wanavyofanya. Akauweka mezani. Hakuonyesha hasira; alionyesha kitu kibaya zaidi, alionyesha subira.

"Baba," akasema, "umetuambia kila kaya ina mjomba na wapwa wawili tu. Hii ni klorini. Huyu mgeni ametokea mlango gani?"

Hapo macho yote yakafanya safari moja: kutoka bakulini, mpaka kwenye vidole vya Babu Chaji, mpaka kwenye kisahani cha mayai. Mwalimu akamalizia kwa wasiofuata. Klorini imo ndani ya chumvi. Ukiitia chumvi majini, ioni zake ndizo zinazoubeba umeme, na klorini hutokea upande wa chanya pamoja na wajomba. Katika maji matupu haimo. Haiwezi kutoka asipokuwepo aliyeiingiza.

Babu Chaji alisema ni jasho. Alisema yeye hutokwa na jasho kali sana la vidole, na ni ugonjwa wa ukoo. Mkewe alimwambia ameolewa naye maisha mazima na hajawahi kuona kidole chake kikitoka jasho, hasa palipo na kazi. Karani akasema hata likiwa jasho, bado maji hayakuwa matupu, na makubaliano yalisema punje. Babu Chaji akafungua mdomo kwa hoja nyingine, akauangalia uso wa mjukuu wake, akaufunga.

"Babu jamani," alisema binti, kwa sauti ndogo. "Ungesema ya bomba tu. Si ungeshinda?"

Hilo ndilo lililomuuma. Alikaa chini, akamenya karanga moja akasahau kuila. Mama Dobi alisogea mbele. Aliuliza, akichagua maneno, kama sasa inamaanisha na ile habari ya radi nayo ilikuwa hivyo hivyo.

"Radi ilipiga mnazi wa jirani," mkewe Babu Chaji akasema. "Mtoto alikuwa ndani anakula uji."

Mama Dobi alimgeukia mkwe wake mtarajiwa akamtazama muda mrefu. Kisha akafungua kitambaa alichokuwa amejifunga mkononi tangu aingie, akakiweka mkobani, akamshika binti mkono kwa mikono yake yote miwili. Alianza kucheka taratibu, mabega kwanza, na alipofika kusimulia kile kiti cha plastiki, namna alivyokuwa anakipangusa na kukisogeza mbali na mashine, machozi yalikuwa yanamtoka. Wote walicheka. Babu Chaji alijaribu kucheka nao ikaonekana kama kukohoa.

Siku ya harusi ilifika na jua lake. Ukumbi ulipambwa vizuri, bibi harusi alipendeza hata Babu Chaji alikosa cha kuongezea. Karani alisimama, akavaa miwani, akakunjua karatasi zake. Kando yake, kwenye kigoda, aliketi Babu Chaji katika suti iliyopigwa pasi na Mama Dobi kwa mkono wake mwenyewe, kipaza sauti amekiinua mpaka kidevuni kwa shemeji, midomo imebanwa kama pochi ya bahili.

Karani alianza na salamu kwa wote waliohudhuria, kisha kwa walioshindwa kuhudhuria. Alisoma tarehe ya kuzaliwa ya bibi harusi, shule alizosoma na kata zilipo. Watoto waliteleza chini ya meza. Mpiga picha aliketi. Mkono wa Babu Chaji ulichoka, akaubadilisha, kipaza sauti kikakwaruza, Karani akamsubiri, akarudia aya.

Mama Dobi, aliyekuwa meza ya mbele, aliinama mbele akamnong'oneza amwambie japo kimoja, chochote, hata kile cha treni, maana usingizi unamchukua. Babu Chaji alimwangalia kwa macho ya mtu mwenye kiu anayeonyeshwa mto. Akatikisa kichwa. Kule nyuma mkewe alikuwa anamtazama yeye, si msomaji.

Ndipo Karani akafika kwenye ukurasa wa nasaha. Hotuba ilikuwa imepigwa chapa kabla ya ile Jumamosi, na Karani hakuwa mtu wa kufuta kilichokwisha kuandikwa. Akapandisha sauti kidogo na kusoma kwamba wanangu, ndoa yenu iwe kama maji, ambayo tangu dunia iumbwe hakuna aliyeweza kuyatenganisha.

Watu wakapiga makofi, kwa kuwa ilisikika kama mwisho. Bibi harusi aliziba mdomo kwa shada la maua. Mwalimu wa kemia aliinamisha kichwa, mabega yanamcheza. Babu Chaji alivuta pumzi mpaka vifungo vya suti vikalalamika, shingo ikamvimba, masikio yakamwiva. Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwake mwenyewe, kimewashwa, kimeshuka mpaka pua na pua na mdomo wake.

Akakisogeza kwa Karani, ambaye alikuwa anafunua ukurasa mwingine.